Kulinganisha mapigo ya santuri: Kazi ya sikio, uhai wa sindano

KULINGANISHA mapigo ni ufundi wa kuziendesha santuri mbili kwa kasi moja, ili wimbo unaoingia uungane na ule unaotoka bila watu kusimama ukumbini.

Ufundi huo ulipata sura yake jijini New York, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Francis Grasso wa klabu ya Sanctuary hutajwa miongoni mwa waasisi wake.

Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa mashine ya Technics SL-1200, na mwaka 1979 likafuata toleo la MK2, ambalo kitelezi chake huongeza au hupunguza kasi kwa hadi asilimia 8. Mota yake huzungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda, na kufikia kasi kamili ndani ya sekunde 0.7. Utengenezaji wa SL-1200 ulisitishwa mwaka 2010, ukarejea mwaka 2016.

Hatua za kulinganisha

Muziki mwingi wa kuchezwa huenda kwa mafungu ya mapigo manne. DJ huweka hedifoni sikio moja kusikiliza wimbo unaofuata, huku sikio la pili likifuata wimbo unaotoka kwenye spika.

Akishapata pigo la kwanza la fungu, huishika santuri kwa vidole. Sahani iliyo chini huendelea kuzunguka, kwa kuwa kati yake na santuri pana kitambaa cha kutelezea. Pigo la kwanza la wimbo wa ukumbini linapofika, huiachia.

Hapo ndipo sikio huanza kazi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika ukipigwa pamoja na wenye 121, baada ya sekunde 30 huwa zimeachana kwa nusu pigo, na ngoma husikika kama michi miwili inayopishana kinuni.

Wanaojifunza aghalabu huchanganya masahihisho mawili. Kuisukuma au kuizuia santuri kidogo kwa kidole hurudisha pigo mahali pake, lakini tofauti ya kasi hubaki palepale. Kinachoiondoa ni kitelezi. Mathalani, wimbo wa mapigo 120 huhitaji nyongeza ya asilimia 5 ili kufikia 126.

Hata hivyo, kasi ikipanda, sauti nayo hupanda. Nyongeza ya asilimia 6 huinua wimbo kwa takriban nusu toni, kiasi cha kubadili sauti ya mwimbaji.

Ugumu huzidi kwa muziki wa bendi. Rumba na benga zilizorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1970 zilipigwa na binadamu, si kompyuta. Kasi yake hupanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Aidha, nyimbo nyingi za santuri za 45 ziligawanywa sehemu mbili, moja kila upande. Kwa nyimbo hizo DJ hana budi kusahihisha kwa kidole mfululizo na kufanya maungano yawe mafupi.

Matunzo ya vifaa

Santuri za namna hiyo ni vigumu kuzipata tena, na adui yao mkubwa ni sindano iliyochakaa. Ncha iliyolika hukwangua kuta za mifereji, na sauti iliyofutika hairudi. Sindano ni kifaa cha kubadilishwa. Ni vema ikaguliwe mara kwa mara kwa kioo cha kukuzia.

Uzito wa mkono wa sindano hupimwa kwa gramu, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ukizidi, huharakisha uchakavu. Ukipungua, sindano hurukaruka na huweza kuumiza mifereji vilevile.

Vumbi la sindano huondolewa kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole. Mashine nayo isawazishwe kwa pimamaji na iwekwe mbali na spika, kwani mtetemo ukiifikia sindano huzaa mngurumo. Mvumo usiokoma mara nyingi hutokana na waya wa ethi ambao haujafungwa kwenye miksa.

Santuri ishikwe kingoni na ipigwe brashi kabla ya kuchezwa. Yenye uchafu mwingi husafishwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na matone machache ya sabuni laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Santuri kongwe za 78 zisiguswe kwa spiriti, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa na spiriti.

Baada ya kazi, santuri zirudishwe kwenye majalada na zisimamishwe wima. Zikilazwa kwa mrundikano au kuachwa ndani ya gari juani hupinda, na santuri iliyopinda huyumbisha sindano na kasi, hata mikononi mwa DJ hodari.