UVIDA: sugu ni nani?

"Mwili wangu ushaizoea dawa hii." Kaa kidogo mbele ya duka la dawa pale Chake Chake, Pemba, utayasikia maneno hayo. Anayeyasema huomba kidonge kikali zaidi, akaondoka nacho. Mimi naona kosa lake linaanzia kwenye neno.

Sugu tunaijua sote: ni ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, kazi ya mpini wa jembe. Wataalamu wakaazima humo, wakatupa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Wameazima vizuri, ila sugu ya kiganja humwota mwenye mkono, kwa hiyo msikilizaji hudhani na usugu huu umo mwilini mwake. Hasha! Dawa huua bakteria wanyonge, wakabaki wachache wanaoihimili, nao ndio wanaozaana. Aliye sugu ni kimelea, na kimelea huhama. Magazeti yanapofupisha "usugu wa dawa" hutuzidishia tu, kana kwamba kidonge ndicho kilichokomaa.

Tazama kimelea anavyohama. Mfugaji anakoroga unga wa dawa ya oksitetrasaiklini katika maji ya vifaranga, wazima wanywe pamoja na wagonjwa. Samadi yao inatandazwa shambani, juu ya kilima. Masika yakishuka, maji yanaichukua hadi bondeni, kwenye mpunga, na kisima kiko papo hapo. Hospitali ina wizara yake na kuku wana yao. Kisima sijui nikikabidhi kwa nani. Bakteria hawana habari na mipaka hiyo. Ndiyo maana ya Afya Moja: daktari wa watu, wa mifugo na mtu wa mazingira wakae meza moja. Tanzania ilipanga hivyo katika mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA wa 2017–2022. Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano, meza hiyo lazima iwekwe hapa hapa.

Na si hofu ya kubuni. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, ilishiriki kupima damu za wagonjwa wa homa kisiwani kati ya 2009 na 2010. Bakteria aliyeongoza alikuwa wa homa ya matumbo, na wengi wao walishinda zaidi ya dawa moja.

Basi jirani akikwambia mwili wake umezoea dawa, mwambie: si mwili wako bibi, ni vimelea, nenda ukapimwe kwanza.