Daktari kutoka India anafikaje kutibu Tanzania? Na kwa nini wengi huishia mjini?

Ukienda hospitali kubwa ya binafsi jijini Dar es Salaam, si ajabu ukatibiwa na daktari bingwa kutoka India au Pakistan. Ukiumwa ukiwa Runazi, wilayani Biharamulo, atakayekupokea kwanza ni muuguzi au tabibu. Daktari bingwa utamfuata mbali, na wa kutoka Asia ni nadra umkute huku.

Kwa nini iko hivyo? Jibu fupi ni hili: daktari mgeni hafuati palipo na wagonjwa wengi, anafuata palipo na nafasi ya kazi yenye mtu wa kuilipia. Tuangalie jinsi inavyokuwa, hatua kwa hatua.

Si jambo la juzi

Mchango wa Waasia kwenye afya Afrika Mashariki una zaidi ya miaka 100. Hospitali ya Muhimbili ina mizizi kwenye hospitali iliyojengwa Dar es Salaam mwaka 1897 kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya India. Jengo la Sewahaji pale Muhimbili linabeba jina lake mpaka leo.

Nairobi nako kulikuwa na Dk. Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika mwaka 1900. Watu walimfahamu kwa kuzunguka kwa wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Yeye ndiye aliyegundua wagonjwa wa tauni mjini humo mwaka 1902 na kutoa taarifa kwa wakubwa.

Wakati wa Waingereza, madaktari wasaidizi kutoka India waliajiriwa na serikali ya Tanganyika na kupelekwa hadi hospitali za wilaya. Cheo na mshahara vilikuwa chini ya vya daktari Mzungu, lakini kazi kubwa waliifanya wao. Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazawa walikuwa 12 tu nchi nzima.

Kwa hiyo kuna kipindi daktari kutoka India alifika mpaka wilayani. Alifika kwa sababu serikali ilimwajiri na kumpangia kituo.

Uingereza ilivyoziba mapengo yake

Mfano mkubwa zaidi ni Uingereza. Mfumo wao wa afya wa taifa, NHS, ulianza tarehe 5 Julai 1948 na haukuchukua muda kuishiwa watu. Maelfu ya madaktari kutoka India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka walihamia huko.

Walipangiwa wapi? Wengi waliishia kwenye miji ya migodi na viwanda, mitaa ya watu wa kipato cha chini, na wodi za wazee, sehemu ambazo madaktari wengi wa Kiingereza walizikwepa. Nafasi zilikuwepo, serikali ilikuwa inalipa, na waliozijaza ni wageni.

Mwaka 1972 wakaongezeka wengine kutoka jirani yetu kabisa. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Uganda, akawapa siku 90. Ni Amin huyuhuyu ambaye miaka sita baadaye majeshi yake yalivamia Kagera. Waasia takriban 28,000 walikwenda Uingereza, wakiwemo madaktari na wafamasia. Uganda ikabaki na pengo, Uingereza ikapata wataalamu ambao haikuwasomesha.

Ila mlango huo haukubaki wazi hivyohivyo. Kuanzia 1975 digrii ya udaktari ya India haikutosha tena peke yake, na mitihani ikaanza. Leo daktari kutoka Asia Kusini au Tanzania anayetaka kufanya kazi Uingereza kwa kawaida hupitia mtihani uitwao PLAB wenye sehemu mbili: maswali ya kuchagua jibu, kisha vitendo. Kabla ya hapo anatakiwa athibitishe kuwa Kiingereza chake kinatosha.

Anayetaka kuja Tanzania anapitia wapi?

Kwa Tanzania Bara, njia ni hii:

• Usajili. Lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mgeni hupewa usajili wa muda. Anawasilisha vyeti vyake pamoja na barua ya baraza la nchi aliyotoka inayothibitisha kuwa hana kesi ya kitaaluma. Zanzibar ina baraza lake, kwa kuwa afya si suala la Muungano.

• Kibali cha kazi. Hiki kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Anayeomba ni mwajiri. Ni lazima aonyeshe kuwa alimtafuta Mtanzania mwenye sifa hizo akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo.

• Kibali cha ukaazi. Hiki ni cha Uhamiaji.

Rudi kwenye hatua ya pili. Bila mwajiri hakuna kibali. Na mwajiri mwenye ubavu wa kulipa mshahara wa bingwa kutoka nje, nyumba na tiketi za ndege, mara nyingi ni hospitali binafsi ya mjini. Zahanati ya kijiji haiwezi kushindana hapo.

Akishafika, kazi ndiyo inaanza

Cheti kinaweza kuwa safi kabisa na bado daktari akahangaika. Kwanza, mfumo wetu una ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mkoa, kanda, taifa. Mgonjwa wa Biharamulo anaweza kupewa rufaa kwenda Bukoba, Chato au Bugando kule Mwanza.

Pili, atakuta kada ambazo huenda hakuzizoea. Tabibu si daktari mwenye digrii, lakini ndiye anayeona wagonjwa wengi vijijini. Na kwa miaka mingi upasuaji wa kujifungua wilayani umefanywa na madaktari wasaidizi wa Kitanzania. Mgeni anayewadharau atajikuta amebaki peke yake.

Tatu, lugha. Mgonjwa hasemi jina la kitabuni. Anasema ana "sukari" au "presha". Mama anasema mtoto ana "degedege", na pengine ameshapita kwa mganga, kumbe ni malaria kali. Huku kuna Wasubi, Wahangaza, Wasukuma na Wahaya, na bibi mwingine hata Kiswahili hakimpandi. Muuguzi anayetafsiri anaweza kuokoa maisha kuliko kipimo.

Ngara ilishaona wageni wakija na kuondoka

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Madaktari wa mashirika ya kimataifa wakamiminika kambi ya Benaco. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, fedha zikapungua, na madaktari wengi wakaondoka.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba na kuwasambaza kwenye kaunti kwa makubaliano ya serikali mbili. Walifika hata kusiko na mabingwa. Lakini Aprili 2019 wawili walitekwa Mandera, na mwaka 2023 serikali ikatangaza kutoendelea na mpango huo.

Kwa hiyo tulete wengi zaidi?

Si rahisi hivyo. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ina nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Tanzania imo. Pakistan, Bangladesh na Nepal nazo zimo. Kumchukua daktari huko ni kuhamisha pengo. Orodha haimzuii mtu kuhama kwa hiari yake, ila inataka nchi zisiende kuwavuna wahudumu huko kiholela.

Na sisi wenyewe tuna madaktari wanaosubiri ajira. Mwaka 2017 Tanzania ilipokubali kupeleka madaktari 500 Kenya, mahakama ya huko ilizuia mpango. Rais Magufuli akaagiza walioomba, 258, waajiriwe hapahapa. Watu walikuwepo muda wote, zilizokosekana ni nafasi.

Kwa mkazi wa Biharamulo hili si suala la nadharia. Januari 2025 wilaya hii ilithibitishiwa ugonjwa wa Marburg, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Kwenye hali kama ile, anayehitajika ni mhudumu aliyepo kituoni siku ya kwanza, awe mzawa au mgeni.

Kwa hiyo siku ukisikia madaktari wa nje wanaletwa mkoani kwako, uliza mambo matatu: wamesajiliwa na Baraza? Watapangiwa kituo gani? Na nani atalipa nafasi hiyo mkataba wao ukiisha?