Kalibu Hulipwa Kwanza: Historia ya Kusubu Alumini kwa Shinikizo

Chukua kifuniko cha klachi cha pikipiki yoyote ya bodaboda, kifute oili na vumbi, kisha kigeuze uangalie upande wa ndani. Utaona viduara vidogo vilivyotawanyika huku na huku, na ukingoni mstari mwembamba unaokizunguka chote. Viduara hivyo ni alama za pini zilizokisukuma kitoke kwenye kalibu kingali cha moto. Mstari ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Hakuna fundi aliyekichonga, wala hakikumiminwa mchangani. Alumini iliyoyeyuka ilisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, ikaganda kwa sekunde chache, kipande kikatolewa, kalibu ikafungwa tena kungoja kinachofuata.

Dukani kifuniko hicho ni cha bei ya kawaida. Kalibu iliyokizaa ni habari nyingine. Kwa sehemu za injini, kalibu moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na kwa sehemu kubwa za gari bei hupanda hadi mamia ya maelfu na kuendelea. Fedha hizo zote hutoka mfukoni kabla kipande cha kwanza hakijauzwa. Ukiisoma historia ya ufundi huu kwa jicho la mwenye kiwanda, utakuta swali moja linalowasumbua watu kizazi baada ya kizazi: nani atabeba bili ya kalibu, na ataigawa kwa vipande vingapi?

Jibu la kwanza lilipatikana kwenye uchapaji. Katikati ya karne ya 15, mjini Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alisubu herufi za mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni kwa kalibu ya mkono. Kuchonga umbo la herufi moja kwenye chuma kigumu kulikuwa kazi ya kuchosha macho, lakini ikishachongwa na kugongwa kwenye shaba, herufi hiyo ingeweza kuzaliwa maelfu ya mara. Mwaka 1838 David Bruce wa New York alibuni mashine yenye pampu ya kusukuma risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler, iliyosubu mstari mzima wa maneno kwa mkupuo. Hata huku kwetu mkondo huo ulifika: Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililotoka Unguja mwaka 1888, lilipangwa kwa herufi za kusubiwa.

Kutoka kwenye herufi kwenda kwenye vipuri hatua haikuwa ndefu. Herbert Franklin wa Syracuse, jimbo la New York, alikuwa akiuza vipande vidogo vya kusubiwa kabla ya mwaka 1900, kisha akaingia kwenye biashara ya magari yaliyobeba jina lake. Herman Doehler naye alifungua kiwanda Brooklyn mwanzoni mwa karne ya 20. Wote walianza na madini laini. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, risasi 327, zinki 420 hivi. Kalibu ya chuma huvumilia joto hilo bila manung'uniko makubwa.

Alumini wakati huo ilikuwa imetoka tu kuwa kito. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumbukumbu ya George Washington, walivika kilele chake piramidi ndogo ya alumini, na kabla ya kupandishwa juu iliwekwa kwenye duka la vito la Tiffany watu waje kuitazama. Miaka miwili baadaye, Charles Martin Hall huko Ohio na Paul Héroult nchini Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua njia ya kuitenga alumini kwa umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili walifariki mwaka 1914. Bei iliporomoka, na wenye viwanda wakaanza kuitamani: nyepesi, haishiki kutu kama chuma, hupitisha joto vizuri.

Ila ilikuwa na tabia mbaya. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ikishayeyuka hula chuma. Mashine za zamani zilikuwa na pampu iliyozama ndani ya madini ya moto, na alumini iliitafuna pampu hiyo. Doehler na wenzake walijaribu kuisukuma kwa hewa iliyobanwa, na karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia vipande vya alumini vikaanza kuuzwa, ingawa vingi vilikuwa na matundu ya hewa tumboni. Suluhisho lililodumu linahusishwa na mhandisi Josef Polák wa Prague, katika miaka ya 1920. Yeye alitenganisha tanuri na mashine. Alumini huchotwa kwa upawa, kiasi cha kipande kimoja tu, humwagwa kwenye silinda iliyo pembeni, na pistoni huisukuma mara moja. Pampu haikai tena kwenye moto muda wote. Mashine za namna hiyo huitwa za chumba baridi, jina ambalo lisikushawishi kuingiza mkono.

Alumini yenyewe nayo ilibidi ifundishwe adabu. Aladár Pácz, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1921 alipata hataza ya kuboresha mchanganyiko wa alumini na silikoni kwa kutia chembe za kampaundi ya sodiamu. Silikoni huifanya alumini itiririke vizuri kwenye kona nyembamba. Na kuna jambo ambalo kwa mara ya kwanza hushangaza: kwenye mchanganyiko wa kusubu kwa shinikizo, wataalamu huacha kwa makusudi chuma kidogo, kama asilimia moja. Alumini iliyokwisha kushiba chuma haina njaa ya kuila kalibu. Ndiyo maana pia alumini chakavu, ambayo haikosi uchafu wa chuma, hufaa sana kwa kazi hii.

Tuingie sasa kwenye kalibu, kwa sababu pesa imelala hapo. Kwa alumini hutumiwa chuma cha pua cha aina iitwayo H13, chenye kromiamu asilimia 5 hivi, pamoja na molibdenamu na vanadiamu. Kila mzunguko uso wa kalibu hupigwa na madini ya moto, kisha hunyunyiziwa dawa ya kupoza na kulainisha. Moto, baridi, moto, baridi, mchana na usiku. Mwishowe uso hupasuka nyufa nyembamba, na nyufa hizo hujichora kwenye kila kipande kinachotoka. Kalibu ya alumini mara nyingi huhesabiwa kufika vipande 100,000 hivi, pengine zaidi kidogo, kabla ya kuchoka. Kalibu ya zinki inaweza kufika milioni. Ndani yake kuna mifereji ya maji, njia za kuingizia madini, njia za kutolea hewa, na vipande vinavyoteleza pembeni ili kufanyiza matundu. Kila kimoja cha hivyo ni saa za fundi na saa za mashine.

Zamani umbo lilichongwa kwa patasi na tupa, kisha chuma kikatiwa moto kiwe kigumu, na mara nyingine kilijikunja kazi yote ikaharibika. Mwaka 1943, vita vikiendelea, Boris na Natalya Lazarenko, mume na mke wanasayansi wa Kisovieti, walikuwa wakichunguza jinsi cheche za umeme zinavyoharibu swichi. Wakageuza ubaya huo kuwa zana: cheche zinazodhibitiwa, zinazokula chuma kigumu taratibu hadi kifuate umbo linalotakiwa. Leo karibu kila karakana ya kalibu ina mashine ya ukoo huo. Hata hivyo bili haikuisha. Mashine zilipokuwa bora, wateja nao waliomba maumbo magumu zaidi.

Tupige hesabu ya kubuni. Kalibu ya shilingi milioni 60 ikitoa vipande 1,000, kila kipande kinabeba shilingi 60,000 za kalibu peke yake, kabla ya alumini, umeme na mshahara. Ikitoa vipande 100,000, kila kipande kinabeba shilingi 600. Kwa mwenye oda ya vipande mia tatu, kalibu ya mchanga inamtosha. Seremala humtengenezea kielelezo cha mbao kwa siku chache, na kazi ianze.

Soichiro Honda aliijua hesabu hii na akaenda kinyume nayo. Mwaka 1947, mjini Hamamatsu, karakana yake ndogo ilianza kutengeneza injini ya cc 50 ya kufungwa kwenye baiskeli. Japani ilikuwa imetoka vitani, vyuma vilikuwa adimu, na karakana nyingi za kiasi chake zilisubu kwa mchanga. Honda alishikilia kwamba sehemu zake zisubiwe kwenye kalibu za chuma. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi isiyo na malighafi haiwezi kutupa chenga za chuma sakafuni: kipande kitoke kikiwa karibu tayari, kisihitaji kukwanguliwa sana. Kwa idadi ya injini alizokuwa akiuza, mhasibu yeyote angemkatalia.

Aliyemwokoa ni Takeo Fujisawa, mshirika wake wa upande wa biashara. Ulipoonyeshwa mfano wa pikipiki ya Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, Fujisawa aliulizwa itauzwa ngapi akajibu 30,000 kwa mwezi, idadi kubwa mno kwa soko la Japani la wakati huo. Kiwanda cha Suzuka kikajengwa kwa yeni bilioni 10 na kikaanza kazi mwaka 1960. Kwa idadi hiyo, kalibu inakuwa senti tu ndani ya kila pikipiki. Kufikia Oktoba 2017 Super Cub zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Ubishi wa Hamamatsu, naamini, ungekumbukwa kama wazimu kama Fujisawa asingepata wanunuzi.

Waliokuwa na wanunuzi nao hawakupona wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Rambler na Chrysler huko Marekani walisubu kwa shinikizo bloku nzima za injini za magari, wakaacha baada ya miaka michache. General Motors wakafuata na Chevrolet Vega, iliyotoka mwaka 1970 ikiwa na bloku ya alumini yenye silikoni asilimia 17, bila mikebe ya chuma ndani ya silinda. Mashine za kusubia zilikuwa tayari na wateja walikuwepo, lakini injini ilichemka, ikala oili, ikaharibu jina. Uzalishaji ulikoma mwaka 1977.

Mchezo huo sasa umekuwa mkubwa kupita kiasi. Mwaka 2020 Tesla ilifunga kiwandani kwake Fremont, California, mashine za kampuni ya Idra ya Italia, zenye nguvu ya kubana kalibu ya tani zipatazo 6,000. Sehemu ya nyuma ya gari la Model Y, iliyokuwa ikiungwa kwa vipande 70 hivi, ikaanza kusubiwa kama kipande kimoja au viwili. Septemba 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kwa kalibu za ukubwa huo, marekebisho ya mara moja wakati wa usanifu yanaweza kugharimu dola 100,000, na kuirudia kalibu yote dola milioni 1.5. Ndiyo maana Tesla ilikuwa ikijaribu kwanza kwa kalibu za mchanga zilizochapwa na mashine. Mwaka uliofuata Reuters iliripoti kwamba mpango wa kusubu sakafu nzima ya gari kwa mkupuo mmoja umewekwa kando. Matajiri wa dunia nao, kumbe, hurudi mchangani bili ikizidi.

Kwetu somo hili lilikuja kwa njia ya gari la Nyayo. Kenya ilianza mradi huo mwaka 1986, na mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi akayazindua magari ya mfano. Yalitembea. Kilichoshindikana ni fedha za kuyazalisha kwa wingi, na shirika lililoundwa kwa kazi hiyo likageuka kuwa karakana ya mashine za kukata vyuma, Numerical Machining Complex. Magari machache ya mfano huweza kujengwa kwa mikono mizuri na mchanga. Gari la elfu moja hudai kalibu, na kalibu hudai soko.

Soko la magari hatukuwa nalo. La pikipiki tunalo, limejaa barabarani kutoka Kigali hadi Mombasa, lakini karibu alumini yote iliyosubiwa ndani yake inatoka India na China. Viwanda vyetu hufunga nati. Wanasiasa wanapotaja injini ya kwetu, wanataja kipande chenye kalibu nyingi na za ghali kuliko zote. Viatu vya breki za nyuma za bodaboda navyo ni alumini ya kusubiwa kwa shinikizo. Ni vidogo, kalibu yake si tata, vinaingia kwenye pikipiki za miaka mingi, na vinakwisha kila siku. Serikali na wawekezaji wetu wangeanza na hivyo, wakajenga kwanza karakana ya kutengeneza na kukarabati kalibu, na wakaiacha injini isubiri zamu yake.