Nani Alihesabu Risasi za Kisumu?

Kuna video moja ya Marekani ambayo nimeirudia hadi simu yangu imeizoea. Ni ya tarehe 24 Machi 2018, jijini Washington. Msichana aliyenyoa nywele, Emma González (siku hizi anatumia jina X González), anapanda jukwaani mbele ya bahari ya vijana. Anawataja wenzake waliouawa shuleni, halafu ananyamaza. Machozi yanamtiririka, hasemi kitu. Umati haujui ufanye nini. Wengine wanampigia kelele za kumtia moyo, bado kimya. Mwishowe kengele ya saa inalia na anaeleza: tangu apande pale, zimepita dakika 6 na sekunde 20. Ni muda ule ule muuaji alioutumia kuua watu 17 katika shule yao huko Parkland, Florida, tarehe 14 Februari mwaka huo.

Kila nikiiangalia nashikwa na wivu. Najua kuwaonea wivu watu waliofiwa ni vibaya, kwa hivyo wacha nieleze kabla hamjanirukia.

Wale vijana walikuwa na hesabu. Walijua ni watu 17. Walijua ni dakika ngapi. Walijua bunduki ni ya aina ya AR-15, na kwamba muuaji aliinunua kihalali mwaka 2017 akiwa na miaka 18. Wakaenda kwa wakubwa wao na hiyo hesabu mkononi. Wiki 3 tu baada ya mauaji, Florida ikapitisha sheria: kununua bunduki sasa ni kuanzia miaka 21. Miaka 4 baadaye, mauaji mengine yalipotokea Uvalde, Texas, ambapo watoto 19 na walimu 2 walikufa, Rais Biden akatia saini sheria ya kitaifa ya bunduki, kubwa kuliko zote kwa karibu miaka 30. Tarehe ilikuwa 25 Juni 2022.

Ndiyo, 25 Juni. Miaka 2 kamili baadaye, siku hiyo hiyo, vijana wa Kenya walikuwa wanapigwa risasi nje ya Bunge Nairobi.

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu shida ya bunduki imekaa tofauti. Hakuna kijana wa Manyatta anayeingia dukani na kutoka na AR-15. Kwa raia wa kawaida, leseni ya bunduki ni shughuli nzito. Bunduki ambazo zimetuua Kisumu, kwa wingi, ni za serikali. Zilinunuliwa kwa ushuru, zinatunzwa kwenye ghala la serikali na kila moja ina namba. Kwa hivyo ungetarajia sisi ndio tuwe na hesabu safi kuwashinda Wamarekani. Hatuna. Na hatujaanza kuikosa juzi.

Ukipanda boda pale Kondele ukasema "nipeleke Russia," hakuna atakayekuuliza pasipoti. Utapelekwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina Russia limebaki kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na Jaramogi ndiye aliyeupigania huo mradi. Wengi wetu tumezaliwa pale au tumetibiwa pale. Wachache tunajua siku ilipofunguliwa ilikuwaje.

Mwaka 1969 ulikuwa mbaya tayari. Tarehe 5 Julai, Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, kwenye barabara tunayoiita leo Moi Avenue. Luo Nyanza nzima ilikuwa na hasira na uchungu. Tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta akaja Kisumu kufungua hospitali. Jaramogi, aliyekuwa makamu wake hadi 1966, sasa alikuwa kiongozi wa upinzani, chama cha KPU. Wazee wawili wakarushiana maneno mbele ya umati. Watu wakazomea, vurugu ikaanza, walinzi wakafyatua risasi. Msafara ukaondoka, na kwa maelezo ya walioshuhudia, risasi ziliendelea kando ya barabara kuelekea Ahero, mahali ambapo watoto wa shule walikuwa wamepangwa kumpungia Rais mkono.

Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengine wametaja makumi, wengine hata 100. Angalia huo mwanya kati ya 11 na 100. Ndani yake kuna watu, omera. Kuna watoto wa mtu waliovaa sare asubuhi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akatiwa kizuizini, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja. Hakuna askari aliyefikishwa kortini kwa risasi za siku ile. Jina la Jomo Kenyatta lakini lipo mjini kwetu, kwenye barabara inayopita Kibuye na kwenye uwanja wa Mamboleo. Majina ya waliokufa hayako kwenye barabara yoyote ninayoijua.

Utaniambia hayo ni mambo ya babu zetu. Sawa, ruka mbele hadi Januari 2008.

Uchaguzi wa 2007 umevurugika, ODM imeitisha maandamano. Tarehe 16 Januari, hapa Kisumu, askari anampiga risasi kijana asiye na silaha, kisha anampiga mateke akiwa chini. Safari hii kuna kamera ya televisheni. Nchi nzima inaona, dunia nzima inaona. Ukiuliza mtu yeyote angekwambia kesi kama hiyo haiwezi kupotea.

Ilipotea. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia askari aliyeshtakiwa. Sababu kubwa ilikuwa namba: namba ya bunduki iliyoandikwa kwamba alipewa siku hiyo haikulingana na namba ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu. Yaani video ilikuwepo, maiti ilikuwepo, lakini karatasi za bunduki zilikuwa na shida. Mimi nilipolisoma hilo nilinyamaza kama González.

Na huyo ni mmoja tu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipata kwamba watu 1,133 waliuawa nchi nzima, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Kuhusu Kisumu tume ilisema wazi kuwa wengi waliokufa walipigwa risasi na polisi.

Halafu tukapata Katiba mpya 2010, na mwaka 2011 tukapata sheria ya Huduma ya Polisi na ile ya IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi. Nenda usome Jedwali la Sita la sheria ya polisi, ni kurasa chache tu. Mimi chuo niliacha katikati na nilielewa. Inasema askari aanze na njia zisizo za nguvu. Inasema bunduki ni hatua ya mwisho. Inasema askari mwenye sare awe na jina au namba inayoonekana. Inasema kusema "niliamrishwa na mkubwa" si kisingizio. Inasema nguvu ikisababisha kifo au jeraha baya, IPOA wajulishwe mara moja.

Ukisoma hiyo sheria unaweza kudhani umefika Ulaya. Lakini uliza Kisumu.

Agosti 2017, usiku baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, polisi waliingia nyumba kwa nyumba Nyalenda. Baby Pendo, mtoto wa miezi 6, alipigwa kichwani akiwa na mamake, akafa siku chache baadaye. Hapo hapakuhitajika hata risasi. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu aliamua kwamba polisi walihusika. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa makosa dhidi ya ubinadamu, kwa mauaji ya Pendo na maovu mengine ya wakati huo. Hesabu mwenyewe: ni miaka 5 kufika tu kwenye karatasi ya mashtaka. Mtoto huyo angekuwa tayari shuleni.

Tarehe 20 Machi 2023, siku ya kwanza ya maandamano ya gharama ya maisha, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliuawa kwa risasi. Mwaka 2024 ukaja wetu, wa Gen Z. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu angalau watu 60 waliouawa nchini katika maandamano ya mswada wa fedha. Na Julai 2025, Rais William Ruto akasema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha kortini.

Hapa nataka tuongee bila kudanganyana. Kuna watu wanaojificha ndani ya maandamano wanavunja maduka. Nimewaona, na wewe umewaona. Mama wa Kibuye akiibiwa bidhaa zake zote, hasira yake ni ya haki. Pia kuna karao wanaovamiwa kwa mawe, nao wana watoto nyumbani. Lakini kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu bunduki za polisi zinazungumzia kulinda uhai. Sheria yetu imeongeza kulinda "uhai na mali." Hilo neno dogo "mali" ndilo mlango ambao mwanasiasa anaupitia akitaka kuhalalisha risasi ya mguu. Na risasi haijui kuhesabu mguu. Mguuni kuna mshipa mkubwa wa damu, mtu anaweza kuisha kabla hajafika Russia.

Kwa hivyo, kama mimi ningepewa jukwaa la Washington nilete hapa Kachok, ningeomba nini? Sio kitu kikubwa. Ningeomba mambo matatu, tena ya kuchosha kabisa.

Kwanza, daftari. Kila kituo kina rejista ya silaha: nani alichukua bunduki gani, saa ngapi, na risasi ngapi, na alirudisha ngapi. Kesi ya Kondele ilituonyesha kuwa hapo ndipo haki inapofia. Sheria iseme kwamba mtu akiuawa kwenye maandamano, rejista za vituo vyote vilivyotuma askari zipelekwe IPOA ndani ya saa 24, na nakala ibaki kortini. Kama zilitoka risasi 30 zikarudi 22, mtu aeleze hizo 8. Askari aliyerudisha zote ataondolewa lawama siku hiyo hiyo, kwa hivyo hata yeye anafaidika.

Pili, ofisi ya kuchunguza vifo. Bunge lilipitisha sheria ya kuiunda mwaka 2017, mwaka ule ule wa Baby Pendo. Miaka ikapita bila ofisi kufunguliwa milango. Bila hiyo, kifo kinachunguzwa na polisi wenyewe, yaani fisi anahesabu mbuzi.

Tatu, neno "mali" liondolewe pale kwenye masharti ya bunduki.

Najua mtu atasema sheria Kenya ni karatasi tu. Nakubali nusu. Lakini angalia kilichotokea baada ya 25 Juni 2024. Watengenezaji wa filamu ya BBC, Blood Parliament, walikusanya picha na video zaidi ya 5,000, nyingi za simu za watu kama mimi na wewe, wakazipanga sekunde kwa sekunde hadi wakaonyesha nani alifyatua risasi nje ya Bunge. Picha zetu zilifanya kazi ambayo daftari la serikali lilitakiwa kuifanya. Serikali ilikuwa na hizo namba muda wote. Tofauti ni kwamba sisi tulitaka kujua.

Wamarekani hawajamaliza shida yao, bado shule zinapigwa risasi. Sijawaleta hapa kama malaika. Nimewaleta kwa sababu watoto wa sekondari walikwenda kwa watunga sheria wakiwa na idadi, muda, aina ya bunduki na kifungu cha sheria wanachotaka kibadilishwe. Sisi tunaenda barabarani na hasira ya haki kabisa, halafu tunarudi bila kifungu hata kimoja mkononi. Mwaka unaofuata tunazika tena.

Na kuna hesabu moja haihitaji Bunge. Mtoto wa miaka 10 aliyesimama kando ya barabara ya Ahero mwaka 1969 alizaliwa 1959. Kama yuko hai ana miaka sitini na kitu, na wengi wao tayari tumewazika. Wikendi hii ukienda nyumbani, iwe Ahero, Awasi, Nyamasaria au Kano ndani kabisa, kaa na dani au kwaru wako. Mwulize tarehe 25 Oktoba 1969 alikuwa wapi, na nani hakurudi. Muulize kwa upole, wengine hawajawahi kuulizwa. Akikubali, mrekodi. Andika jina, umri, kijiji.

Siku tutakayotaka kunyamaza kwa ajili yao, angalau tujue tunawanyamazia watu wangapi.