Mpekuzi wa Hataza

Miaka michache iliyopita nililetewa karatasi moja niihakiki kabla haijapigwa chapa, tangazo la mafunzo lililotoka katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, na aliyekwisha kuifasiri alikuwa ameandika juu yake, kwa herufi kubwa, "Mafunzo na Ujenzi wa Mtandao kwa Wataalamu wa Taarifa za Hataza". Nililitazama kila neno peke yake, nikaliona ni Kiswahili fasaha kisicho na ila, nikaipitisha karatasi ile kama ilivyo. Na siku ya mkutano ilipowadia akatokea kijana mmoja mwenye mkoba wa koleo na bunda la nyaya, akauliza kwa adabu mtandao wenyewe unajengwa katika chumba gani. Tulimkaribisha chai, tukamtaka radhi, naye akaenda zake; lakini kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza watu wale walioalikwa wanafanya kazi gani hasa, na lugha yetu ikitaka kuwaita kwa jina litakalomfahamisha hata fundi wa nyaya, itawaitaje.

Hatuna budi kuanza na hataza yenyewe, kwa kuwa anayetaka kumjua mvuvi huuliza kwanza anavua nini. Neno hili limekwisha kupata makazi katika sheria za Tanzania, ambako Sura ya 217 ndiyo sheria ya usajili wa hataza, na maana yake ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi, kwa muda ambao siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku alipowasilisha maombi yake, ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala wasikiuze kile alichokivumbua bila ya idhini yake. Hakimiliki ya mtunzi na alama ya biashara ni jamaa zake wa mbali, wala hazituhusu leo. Sikio la Mswahili huisikia hataza jirani na kataza, na pengine ndiyo sababu wengi wetu hudhani kwamba habari yake yote ni makatazo, ilhali jina ambalo Wazungu wamelipa jambo hilo hilo lina asili nyingine kabisa: katika Kilatini zilikuwa ni barua zilizo wazi, yaani waraka wa mfalme ambao haukufungwa kwa lakiri, muhuri wake ukining'inia chini tu, ili kila anayeoneshwa aweze kuusoma. Uwazi huo haujaondoka. Mvumbuzi hapewi ulinzi bure, bali hulazimika kuieleza kazi yake kwa maandishi, kiasi cha kumwezesha fundi mwenye ujuzi wa fani ile kuirudia mwenyewe, na maelezo hayo, aghalabu baada ya miezi 18, hutangazwa kwa walimwengu wote.

Na walimwengu wameandika mengi. Ghala liitwalo Espacenet, ambalo Ofisi ya Hataza ya Ulaya ililifungua kwa umma mwaka 1998, sasa lina nyaraka zaidi ya milioni 150, na sehemu kubwa yake imeandikwa Kichina, Kijapani na Kijerumani. Na mbele ya bahari hiyo husimama mtu mmoja aliyetumwa na kiwanda, au na wakili, au na mvumbuzi asiye na kitu ila wazo lake, kuuliza maswali ambayo kwa kweli ni mawili: je, jambo hili ni jipya, na je, nikilitengeneza na kuliuza sitakuwa nimekanyaga shamba la mtu? Kwa swali la kwanza anatafuta kile ambacho napenda kukiita elimu iliyotangulia, yaani kila kilichokuwa bayana kwa watu, popote duniani, kwa maandishi au kwa kutendwa, kabla ya siku ya maombi. Nimeona mahali pameandikwa "sanaa ya awali", tafsiri ya neno kwa neno ambayo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye michoro ya mapango ya Kondoa, na sijui arudi vipi.

Ugumu wa kuitafuta elimu hiyo hauko katika wingi wake peke yake. Mwombaji hataza ana sababu nzuri ya kutoliita jembe kwa jina lake, maana akisema jembe atakuwa amelindwa katika jembe tu, na akisema zana ya kupindulia udongo atakuwa amejinyoshea mkono mrefu zaidi. Tuseme basi kwamba fundi wa Tanga amebuni mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno yanayobadilishwa, naye anataka kujua kama ametanguliwa. Akimtuma mtu asiyejua kazi, mtu huyo ataliandika neno mbuzi katika kamusi, atachukua tafsiri ya kwanza, na jioni atarudi na habari za maziwa, mazizi na magonjwa ya kwato. Na hata akilijua jina la kifaa katika lugha kumi, hatakuwa amefika, kwa kuwa mwombaji wa nchi nyingine huenda amekiita chombo cha kuondolea nyama ya tunda katika ganda lake, asitaje nazi wala meno. Ndiyo maana mataifa yalikutana Strasbourg mwaka 1971 yakakubaliana juu ya mpangilio mmoja wa kuziainisha hataza zote, wenye milango minane kuanzia A hadi H na vifungu vinavyozidi 70,000, na tangu mwaka 2013 Ulaya na Marekani zina mpangilio wao wa pamoja, uliochipuka katika ule wa kwanza, wenye vifungu takriban 250,000. Humo mbuzi wa zizini yumo katika A01K na vyombo vya jikoni vimo katika A47J, kila kimoja mahali pake, hata kama mwandishi wake alikificha kwa maneno gani. Anayeyajua hayo haulizi neno. Huuliza kifungu, kisha akafungua waraka baada ya waraka, akatazama michoro, akafuata nyaraka zilizotajwa ndani yake na zile zilizoutaja baadaye.

Yawezekana msomaji akaona kwamba haya ni mambo ya wenye viwanda, yasiyomgusa. Basi na aangalie mtungi wa manjano jikoni mwake. Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi yeyote wa Kihindi, na wa kwetu pia anayeyatia katika singo la bibi harusi, angeshangaa kuambiwa kwamba limevumbuliwa. Lakini mshangao wa bibi si ushahidi, na Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la India lilipoipinga hataza ile lilipaswa kuleta maandishi, likaleta marejeo 32, mengine ya Kisanskriti cha kale, na mojawapo ni makala ya jarida la waganga wa India ya mwaka 1953, hata mwaka 1997 madai yale yakabatilishwa. Na mwarobaini, mti ambao sisi tumeupa jina kwa hesabu ya maradhi unayoyatibu, nao ulikuwa na kesi yake: Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace walipewa na ofisi ya Ulaya, mwaka 1994, hataza ya kuua kuvu kwa mafuta yake. Wapinzani walileta ithibati kwamba jambo hilo lilikuwa likitendwa hadharani India kabla ya siku ya maombi, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Tazama urefu wa miaka hiyo. India haikungoja kesi ya tatu. Tangu mwaka 2001 imekuwa ikiyakusanya maandiko yake ya tiba za jadi na kuyatia katika lugha na vifungu ambavyo wakaguzi wa ofisi za kigeni wanaweza kuvisoma. Tiba zetu, ambazo nyingi zimo vinywani mwa watu na hazimo katika karatasi yoyote, bado ni elimu iliyotangulia isiyo na anwani.

Sasa turudi kwenye jina. "Mtaalamu wa taarifa za hataza" si kosa, ila ni jina lisilo na mikono: wataalamu siku hizi ni watu wote, na taarifa ni kitu kinachosomwa redioni saa mbili usiku. "Mtafiti" lina heshima, walakini mtafiti hutafuta kisichojulikana na mtu, ilhali huyu hutafuta kilichokwisha kujulikana, kikaandikwa, kikafukiwa. "Mkaguzi" tumwachie yule ofisa wa serikali anayeyapima maombi na kuyakubali au kuyakataa, kwani kazi yake ni hukumu. "Mpelelezi" huingia kwa siri, na hapa hakuna siri, barua ziko wazi. Limebaki "mpekuzi", na mimi nalipenda, kwa kuwa kupekua ni kupindua kitu kimoja kimoja ili kuona kilicho chini yake, kama afanyavyo kuku jaani, ambaye hapiti mahali pasipo kupachakura na ambaye miguu yake inajua zaidi kuliko macho yake. Nimekwisha kusikia upinzani, kwamba mpekuzi ni mtu anayechungulia mambo ya wenziwe, na kwamba upekuzi ni jambo la polisi wenye hati mkononi. Hoja ya kwanza naikubali nusu. Ya pili naiona inanisaidia, maana askari anayepekua nyumba kwa mujibu wa sheria huja akijua anachokitafuta, na akimaliza huandika mahali alipotafuta na alichokikuta, na mpekuzi wa hataza naye ripoti yake haina thamani kama haikusema ni maghala gani aliyoyafungua, kwa vifungu gani na maneno gani, na siku gani.

Lakini askari hufika mwisho wa nyumba, na huyu hafiki. Kutokukiona kitu si burhani ya kuwa hakipo. Mpekuzi aliyekesha siku kumi bila ya kuona kitu hawezi kusema kwamba uvumbuzi ule ni mpya, anaweza kusema tu kwamba yeye hakuona, na mteja wake, ambaye huenda anataka kutia mamilioni katika kiwanda, hulichukua neno hilo dogo akalijengea. Kujua wakati wa kuacha kutafuta, wapi pa kurudi mara ya pili, na waraka upi wa Kijapani unastahili kulipiwa mfasiri, ni ujuzi ambao haukuandikwa kitabuni ukatosha. Wapekuzi wengi huanza wakiwa wanakemia, au wahandisi, au wakutubi, wakaingia katika kazi hii kwa kusukumwa na bahati, na waliyoyajua waliyapata kwa kukaa ubavuni mwa aliyetangulia. Kwa hiyo hapo palipoandikwa "mafunzo" ningeandika uanagenzi, neno la mafundi seremala na waunda majahazi, waliokuwa wakimshikisha kijana randa kwanza na kumpa maneno baadaye, hata siku akihitimu akampa fundi wake kilemba. Siku hizi Ulaya imewekwa bodi ya kuwatahini na kuwapa vyeti vya kuhitimu, jambo jema kwa mteja asiyejua amwamini nani, ijapokuwa cheti hutolewa kwa yaliyokwisha kufunzwa mahali pengine.

Na mahali hapo pengine ni wao kwa wao. Kampuni kubwa za Ulaya, ambazo madukani ni mahasimu, ziliunda kundi la nyaraka za hataza mwaka 1957; wapekuzi wa Marekani wakaunda chama chao, PIUG, mwaka 1988; na vyama vya nchi mbalimbali za Ulaya vikafungamana mwaka 2008. Mji wa Vienna, ambako mwaka 1972 kiliwekwa kituo cha kimataifa cha nyaraka hizi kilichokuja kuingizwa katika ofisi ya Ulaya mwaka 1991, umekuwa kama bandari yao. Mtu wa nje hustaajabu kuona watumishi wa mahasimu wawili wakinywa kahawa meza moja, naye hajui kwamba hakuna anayetaja anachokitafuta. Wanachoambizana ni ghala lipi lina pengo la miaka gani, na hila gani humtoa mtu katika kifungu kilichoainishwa vibaya. Kuliita jambo hilo "ujenzi wa mtandao" ni kulipa nyaya lisizozihitaji, mbali ya kwamba Watanzania walioifuata siasa ya mwaka 2005 wana maana yao ya wanamtandao ambayo sitaki kuichokoza. Watu wa pwani walikuwa na suhuba na sahibu kabla kompyuta haijaundwa, na usuhuba ni kule kufuatana kwa watu wenye safari moja, kila mmoja na mzigo wake. Ndilo neno ninalolishika.

Afrika Mashariki usuhuba huo ni mchanga, ingawa nyumba zake zimekuwapo muda: Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976 uliozaa shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, taasisi ya Kenya iliyo Nairobi, na vituo vya kusaidia teknolojia na uvumbuzi ambavyo WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, lilianza kuvieneza mwaka 2009. Nami naona mpekuzi wa huku ana neema ambayo mwenziwe wa Munich hana. Hataza haina nguvu nje ya nchi iliyoitoa au iliyotolewa kwa ajili yake, na zilizo nyingi katika hizo nyaraka milioni 150 hazikuombwa kamwe Tanzania wala Kenya, na nyingine nyingi zimekwisha kufa kwa umri au kwa kutolipiwa ada. Hivyo pampu, kikaushio cha mihogo au kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta kilichoelezwa humo kwa mchoro na vipimo kinaweza kuwa halali kabisa kwa fundi wa Morogoro kukiunda na kukiuza nyumbani, mradi apatikane mtu wa kukichakura na kuhakikisha kwamba kweli hakina mwenyewe hapa.

Tangazo la mwaka uliofuata niliandika kwa mkono wangu, "Uanagenzi na Usuhuba wa Wapekuzi wa Hataza". Fundi wa nyaya hakuja. Ila mlinzi wa lango, aliyelisoma ubaoni tangu alfajiri, alimsimamisha mgeni wa kwanza akamwuliza kama mikoba leo itapekuliwa na yeye au na wao.