Kesha za Santuri katika Redio za Wanafunzi wa Marekani

Historia ya muziki huandikwa aghalabu kwa kuwafuata watunzi, wapigaji na waimbaji. Ni nadra kuandikwa kwa kuwafuata wale waliosikiliza, na nadra zaidi kwa kuwafuata wale waliokaa kati ya mwimbaji na msikilizaji, wakachagua kipi kisikike, lini, na kwa muda gani. Katika insha hii nakusudia kueleza desturi moja ya watu wa namna hiyo. Ni desturi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani ya kushika mtambo wa redio kwa saa nyingi mfululizo, mchana na usiku, wakirusha kazi za mtunzi mmoja, au za mpigaji mmoja, au za jambo moja la muziki, mpaka ziishe. Kwa kuwa shughuli yenyewe hukesha, nitaiita kesha.

Kwanza yafaa tujue jinsi redio hizo zilivyozaliwa. Mwaka 1936, katika Brown University, mjini Providence, wanafunzi wawili, George Abraham na David Borst, waliunganisha vyumba vya mabweni kwa waya ili wenzao wasikie matangazo yao. Jambo lililoanza kama mchezo wa vijana wenye kupenda ufundi wa umeme likawa mfano kwa vyuo vingine, na kufikia mwaka 1940 palikuwa na chama cha kuunganisha stesheni za namna hiyo. Nyingi katika hizo hazikuwa na mnara. Sauti ilipitishwa katika nyaya za umeme za majengo, na aliyetoka nje ya uwanja wa chuo hakusikia kitu. Mwaka 1940 wanafunzi wa Harvard nao, chini ya gazeti lao la wanafunzi, walianzisha redio yao ambayo baadaye ilikuja kuitwa WHRB. Katika chumba cha redio hiyo ndipo inaposemekana kwamba kesha la kwanza lilifanyika.

Mapokeo ya stesheni hiyo yasema hivi. Mwaka 1943 mwanafunzi mmoja, ambaye alikuwa pia mtumishi wa redio, alitoka katika mtihani mgumu, akaenda moja kwa moja studio, akaweka santuri za Beethoven, akazipiga simfoni zote 9, moja baada ya nyingine, kuadhimisha mwisho wa muhula uliomchosha. Wenzake wakapendezwa, wakafanya vivyo hivyo muhula uliofuata, na desturi ikashika. Waliipa jina la mzaha, lililotokana na karamu za kale za Wayunani za kumtukuza mungu wa mvinyo, karamu ambazo watu walijiachia ndani yake bila kiasi.

Mwanahistoria ana wajibu wa kulipima simulizi hili. Kijana mwenyewe hatajwi jina katika masimulizi yasimuliwayo kila mwaka, na habari yake imekaa kama zikaavyo habari za waasisi wa miji, fupi, kamili, na rahisi kukumbukwa. Habari kama hiyo haifai kutupwa, lakini haifai pia kumezwa bila kutafunwa. Kwa upande wangu naona yatosha kutazama yale yaliyokuwa lazima kuwapo ili jambo hilo liwezekane, kwani hayo hayategemei jina la mtu.

La kwanza ni santuri zenyewe. Katika miaka ile santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua dakika 3 au 4 tu, ama zaidi kidogo kwa santuri pana. Msomaji wa pwani yetu ajua maana ya mpaka huo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, wimbo wa taarabu, ambao barazani huchukua muda wautakao waimbaji na wasikilizaji, ulibidi uingie katika pande za dakika hizo chache. Simfoni nayo ilikatwa vivyo hivyo. Simfoni ya 9 ya Beethoven, ichukuayo zaidi ya saa moja, ilihitaji kama pande 16. Simfoni zote 9 kwa pamoja huchukua yapata saa 6, na hesabu rahisi yaonyesha kwamba pande zake zilikuwa 80 au zaidi. Kwa hiyo aliyefanya kesha la kwanza, awe nani, ilimlazimu akae kando ya mtambo, ageuze na kubadili santuri kila baada ya dakika chache, tangu mwanzo hata mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijazwa kwa mkono.

La pili ni muda. Redio za biashara za siku zile ziliuza muda kwa robo saa na nusu saa, na hakuna mfanya biashara ambaye angenunua saa 6 za Beethoven. Redio ya wanafunzi ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani muda usiokuwa na bei. Tena wakati wa mitihani masomo ya darasani husimama, ratiba ya kawaida hulegea, na wasikilizaji, ambao ni wanafunzi wenyewe, wamo vyumbani mwao wakisoma hata usiku wa manane. Twaona basi kwamba hata kama asingekuwako kijana yule, mtihani ulikuwako, usiku ulikuwako, na kabati la santuri lilikuwako.

Baada ya vita mambo mawili yaliipanua desturi hiyo. Mwaka 1948 ilitoka santuri ya mizunguko 33 na theluthi, ambayo upande wake uliweza kuchukua zaidi ya dakika 20, na mtangazaji akapata nafasi ya kufikiri na kusema badala ya kugeuza tu. Kisha mwaka 1957 redio ya Harvard ikapata nafasi katika mawimbi ya FM, ikasikika nje ya kuta za chuo, katika mji wa Boston na viungani mwake. Tangu hapo kesha halikuwa tena faragha ya vijana. Muziki wa jazi uliingia, na baadaye muziki wa roki na aina nyingine nyingi. Mtunzi mmoja aliweza kupewa siku kadhaa, kazi zake zikafuatana kwa mpango wa miaka aliyozitunga. Hata leo, majira ya mitihani yanapofika, wanafunzi hutangaza orodha ya makesha yao, na wakazi wa mji ambao hawakupata kukanyaga darasa la Harvard huingoja orodha hiyo.

Ama katika mji wa New York desturi hii ilichukua sura nyingine, nayo ndiyo ninayoiona kuwa na maana kubwa zaidi. Columbia University ni mahali alipofundisha Edwin Armstrong, mhandisi aliyepata hati za kumiliki uvumbuzi wa FM mwaka 1933. Redio ya wanafunzi wa chuo hicho, WKCR, ilipewa leseni ya FM mwaka 1956. Mwaka 1970 aliingia humo mwanafunzi aitwaye Phil Schaap, mzaliwa wa Queens, akaanza kutangaza jazi. Wenzake walimaliza masomo wakaenda zao. Yeye alimaliza masomo akabaki na kipaza sauti. Aliendelea kutangaza humo kwa nusu karne, na kwa miaka mingi alikuwa na kipindi cha asubuhi juu ya Charlie Parker peke yake. Alifariki tarehe 7 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 70.

Katika redio hii kesha halikufungwa na mitihani bali lilifungwa na siku za kuzaliwa. Tarehe 29 Aprili, saa 24 ni za Duke Ellington. Tarehe 23 Septemba ni za John Coltrane. Tarehe 10 Oktoba ni za Thelonious Monk. Lester Young alizaliwa tarehe 27 Agosti 1909, na Charlie Parker tarehe 29 Agosti 1920. Kwa hiyo siku 3 za mwisho wa Agosti huunganishwa, mzee na kijana wakasikika pamoja, na msikilizaji aweza kujipimia mwenyewe ni kiasi gani mdogo alijifunza kwa mkubwa. Habari ya Louis Armstrong ni ya ajabu zaidi. Yeye mwenyewe aliamini kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Baada ya kufa kwake mwaka 1971 ilipatikana hati ya ubatizo ionyeshayo tarehe 4 Agosti 1901. Redio ya Columbia haikufuta siku moja kwa ajili ya nyingine. Humkumbuka mara mbili, Julai kwa heshima ya neno lake na Agosti kwa heshima ya hati. Sijui njia ya adili zaidi ya kutendea ushahidi wa mdomo na ushahidi wa maandishi unapopingana.

Nao mwezi Desemba unapokwisha, redio ile ile humpa Johann Sebastian Bach siku kadhaa mfululizo, hata usiku wa mwaka mpya. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wapigaji wa jazi waliotajwa walikuwa watu weusi wa Marekani. Walipiga katika vilabu vya pombe, walilipwa kidogo, na baadhi yao walizuiwa kuingia kwa mlango wa mbele katika majumba yale yale waliyoyaburudisha. Vyuo vikuu vikubwa vilichelewa kuuhesabu muziki wao kuwa elimu. Lakini katika mtambo wa redio ya wanafunzi Parker, aliyekufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34, na Bach, aliyetumikia makanisa na watawala wa Ujerumani, walipimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni saa. Kila mmoja alipewa muda wa kusikilizwa mpaka mwisho. Kumpa mtu muda wa kumaliza maneno yake ni daraja ya kwanza ya heshima, barazani na penginepo.

Wako wasemao kwamba kesha ni ushabiki tu uliovishwa joho la elimu. Wasema kwamba hakuna mtu asikilizaye saa 72, na kwamba kazi mbovu za bwana mkubwa hupigwa pamoja na nzuri bila kuchaguliwa. Neno hili lina haki yake. Ni kweli kwamba wasikilizaji huingia na kutoka, na saa 9 za usiku huenda mtangazaji akawa anasema na wachache sana. Walakini kusoma kazi zote za mshairi hakutuzuii kupenda beti chache. Kwatuzuia tu kudhani kwamba zile beti chache ndizo mshairi mzima. Apigaye nyimbo 10 maarufu za Parker atuonyesha kilele. Apigaye kazi zake zote kwa utaratibu wa miaka, pamoja na majaribio aliyoyarudia studio, atuonyesha ngazi. Mwanafunzi ana haja na ngazi zaidi kuliko kilele.

Jengo la desturi hii si imara kama lionekanavyo. Tarehe 11 Septemba 2001 redio ya Columbia ilipoteza mtambo wake wa kurushia, uliokuwa juu ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center. Hasara ya namna hiyo hurekebishwa kwa fedha na subira. Ziko nyingine zilizo ngumu zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 juu ya hakimiliki katika zama za tarakimu iliruhusu redio kurusha muziki kwa intaneti kwa leseni ya jumla, lakini kwa masharti: katika muda wa saa 3 zisipigwe nyimbo zaidi ya 4 za msanii mmoja, wala zaidi ya 3 za santuri moja. Aliyetunga sharti hilo alikusudia kuwazuia watu wasinakili muziki bure. Walakini sharti lililowekwa kwa ajili ya mwizi lamfunga pia mwalimu, kwa maana kesha si kitu kingine ila kuuvunja mpaka huo. Mawimbi ya FM hayafungwi na sharti hilo. Hewani Parker aweza kupigwa siku nzima, ilhali kwa intaneti yahitajika ruhusa ya wenye santuri.

Hapo ndipo tuonapo uzito wa tukio jingine. Mwaka 2010 Rice University, mjini Houston, ilikubali kuuza leseni na mnara wa redio ya wanafunzi wake, KTRU, kwa dola milioni 9.5, na mwaka 2011 mauzo yakakamilika. Mwaka huo huo wanafunzi wa Vanderbilt nao walitolewa katika mawimbi ya FM. Wakuu wa vyuo walisema kwamba vijana wa leo hawasikilizi redio na kwamba intaneti yawatosha. Kwa vipindi vya kawaida huenda walisema kweli. Kwa kesha haikuwa kweli, kwani njia waliyoachiwa wanafunzi ilikuwa ndiyo yenye sharti la nyimbo 4 kwa saa 3. Muda usiokuwa na bei, uliozaa desturi hii, ulikuwa umepata mnunuzi.

Leo mtu mmoja aweza kubeba mfukoni mwake simfoni zote za Beethoven na karibu kila sauti aliyoiacha Parker. Yaweza kudhaniwa kwamba haja ya kesha imekwisha. Mimi naona kwamba kilichopatikana ni ghala, na ghala si karamu. Ghala humngoja mtu aje na funguo akijua atakacho. Kesha lataka mtu aliyetangulia kusikiliza, akapanga, akasema sababu ya kupanga hivyo, kisha akakaa macho wengine walipolala, ili yeyote afunguaye redio, kwa saa yoyote, akute muziki unaendelea mahali ulipofika. Kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya miaka 80 na vijana wasiolipwa, ambao kila baada ya miaka 4 huondoka na kuwaachia wengine. Anayetaka kuandika historia ya usikilizaji katika karne ya 20 aanze na daftari zao za zamu.