Matumbawe hai darasani: yana hatari gani kwa watoto?

Kwa mwalimu wa sayansi wa pwani ya Bagamoyo, ni rahisi kumwomba mvuvi tumbawe hai, akalitia kwenye ndoo ya maji ya bahari na kuwaonyesha wanafunzi. Tunashauri asifanye hivyo. Hapa tunaeleza sababu, na njia iliyo salama zaidi.

Tumbawe ni nini?
Linaonekana kama jiwe, lakini ni kundi la wanyama wadogo walioshikana. Kila mmoja ana mdomo na mikono midogo yenye chembe zinazochoma. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa chakula na rangi.

Hatari kwa mtoto
Kuchoma: wapo jamaa wa matumbawe, wa rangi ya njano au kahawia na ncha nyeupe, wanaochoma kama moto na kuacha malengelenge.
Kukata: tumbawe lina makali. Vipande vikibaki kwenye kidonda, kidonda huchelewa kupona na huweza kuoza.
Sumu: jamaa wengine, waitwao palithoa, ni laini kama mpira. Baadhi yao wana sumu kali sana, inayoweza kuingia kupitia jicho, kidonda au mvuke. Kwa hiyo usichemshe kamwe mawe yaliyotoka baharini yakiwa hai ili kuyasafisha.

Hasara kwa bahari
Maji ya ndoo hupata joto na kuishiwa hewa haraka, na tumbawe hufa. Matumbawe mengi ya mviringo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Tena, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Kuchukua matumbawe humo bila kibali ni kosa.

Somo lifanyike vipi?
Wapeleke wanafunzi magofu ya Kaole. Msikiti na makaburi ya pale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na alama za wanyama hao zinaonekana bila kubomoa chochote. Darasani, tumia vipande vikavu vyeupe vilivyotupwa ufukweni, kisha watoto wanawe mikono. Maji yakipwa, watazame madimbwi wakiwa wamevaa viatu vya kufunika miguu, bila kugusa wala kukanyaga matumbawe. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, wanafunzi huyatazama matumbawe yakiwa hai palepale baharini, wakiwa na waongozaji.

Mtoto akiumia
Akichomwa, suuza kwa maji ya bahari, usisugue. Akikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, toa vipande, kisha mpeleke zahanati aangaliwe kidonda na chanjo ya pepopunda. Akipumua kwa shida, akitapika au jicho likiuma, mwahishe hospitali mara moja, na mweleze mganga alichogusa.